Jalada la Kibali: Vibali vya Ujenzi vya Zamani na Kumbukumbu za Miji ya Nyanda za Juu Kusini

(Mhadhara wa hadhara uliotolewa Soweto, Mbeya, na kuchapishwa kwa ajili ya wasomaji)

   

Kibali cha ujenzi ni idhini ya maandishi ambayo mamlaka ya mji humpa mtu ili ajenge, aongeze au abadilishe jengo katika kiwanja kinachojulikana, kwa kufuata mchoro uliokubaliwa. Nyumba ikikamilika, aghalabu mwenyewe huiweka karatasi hiyo kando. Upande wa halmashauri mambo ni tofauti. Jalada huingia masjala, hupewa namba, na kadiri miaka inavyopita huwa maandishi pekee yanayoonyesha nani alijenga nini, wapi, lini na kwa masharti gani.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza majalada hayo ya zamani yanayotunzwa na serikali za mitaa: yana nini ndani, yalitokana na sheria zipi, yanafundisha nini kuhusu Mbeya na Iringa, yananyamazia nini, na yanafaa kwa kazi gani leo. Msimamo wake ni mmoja. Kibali cha zamani ni ushahidi wa umma, kwa hiyo kukitunza ni wajibu wa halmashauri na kukifikia ni haki ya mkazi. Hoja zake ni sita.

Hoja ya kwanza: Yaliyomo ndani ya jalada

Jalada kamili la kibali huwa na sehemu nne. Ya kwanza ni fomu ya maombi, yenye jina la mwombaji, namba ya kiwanja na kitalu, matumizi ya jengo, vifaa vitakavyotumika na makadirio ya gharama. Ya pili ni michoro: ramani ya kiwanja inayoonyesha mipaka, barabara na mahali pa jengo; mchoro wa vyumba; sura ya jengo kwa kila upande; na mkato unaoonyesha msingi, ukuta, linta na paa. Ya tatu ni maoni ya wataalamu. Bwana afya alitazama choo, shimo la maji machafu, ukubwa wa madirisha na umbali kati ya jiko na chumba cha kulala. Mpima alihakiki mipaka. Mhandisi alipima uimara. Ya nne ni barua: za kuomba, za kurudisha mchoro urekebishwe, za kuonya aliyeanza kuchimba msingi kabla ya idhini, na mwishoni ile yenye muhuri wa kukubali au kukataa.

Pembeni ya majalada kuna rejista ya vibali, kitabu ambamo kila ombi huandikwa kwa mfuatano wa namba na tarehe. Wasikilizaji wazingatie kitabu hiki kwa sababu mara nyingi husahauliwa. Jalada likipotea, mstari mmoja wa rejista huendelea kuthibitisha kwamba ombi liliwahi kupokelewa na kuamuliwa. Rejista ikipotea, majalada hubaki rundo lisilo na mlango wa kuingilia, kwa kuwa hakuna ajuaye yalipaswa kuwa mangapi wala lipi limetoka.

Majalada ya maombi yaliyokataliwa nayo yana thamani. Nyumba isiyojengwa haionekani mtaani, lakini barua ya kuikataa hueleza waziwazi kile ambacho mamlaka ya wakati huo iliogopa, ilipendelea au ilikataza. Anayetaka kujua sera halisi ya ujenzi katika mwaka fulani hupata mengi katika maombi yaliyokataliwa.

Hoja ya pili: Sheria zilizozaa majalada

Majalada hayakuanza yenyewe. Kila tabaka la karatasi lina sheria yake nyuma, na asiyejua sheria hiyo huweza kulisoma jalada vibaya.

Utawala wa Wajerumani ulitoa kanuni za ujenzi za Dar es Salaam mwaka 1891, zikitenga sehemu za mji kwa aina ya nyumba. Iringa ya sasa ilianzishwa na Wajerumani hao baada ya kuibomoa ngome ya Mtwa Mkwawa huko Kalenga mwezi Oktoba 1894. Mbeya ni mji wa baadaye. Ulianza mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa ilipokuwa ikivuta watu Chunya, na chini ya Waingereza. Kwa hiyo majalada ya Mbeya yasitarajiwe kuwa na karatasi za Kijerumani, ilhali historia ya ujenzi wa Iringa ina miongo miwili ya utawala wa Kijerumani ambayo haimo katika mafaili ya Kiingereza.

Waingereza walitunga Sheria ya Miji mwaka 1920, na kanuni zilizofuata katika miaka hiyo ziligawa miji katika kanda tatu: nyumba za makazi za mtindo wa Kizungu, nyumba za biashara na makazi, na nyumba za mtindo wa Kiafrika. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na ubaguzi wa wazi ulikuwa na kikwazo cha kisheria. Ndiyo maana kanuni zilitaja aina ya jengo na vifaa vyake bila kutaja rangi ya mtu. Matokeo yalikuwa yaleyale. Mtu asiyeweza kugharimia tofali la kuchoma na bati kwa kiwango cha kanda hakuweza kupata kibali katika kanda hiyo, hata kama hakuna mstari wa sheria uliomtaja. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Majengo, ambayo wakazi wa Mbeya wanayatumia hadi leo, yanahifadhi mgawanyo huo katika midomo ya watu. Majalada yanauhifadhi katika vipimo: upana wa kiwanja, umbali wa nyumba kutoka mpakani, aina ya choo na aina ya paa.

Sheria ya Mipango Miji na Vijiji ya mwaka 1956 iliongeza mipango ya jumla juu ya idhini ya jengo mojamoja. Baada ya Uhuru, mabadiliko mawili yaliyagusa majalada kwa nguvu. La kwanza ni Sheria ya Utwaaji wa Majengo ya mwaka 1971. Majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 yalichukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Mitaa ya maduka ya Mbeya na Iringa iliguswa moja kwa moja. Kwa majengo hayo, kibali cha awali ndicho kinachoonyesha nani aliyajenga kabla ya umiliki kubadilika.

La pili ni madaraka mikoani. Kati ya mwaka 1972 na 1974 halmashauri za wilaya na za miji zilivunjwa na shughuli zao zikahamishiwa wilayani na mikoani. Mamlaka za miji zilirejeshwa kwa sheria ya mpito ya mwaka 1978, kisha kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982. Kwa watunza kumbukumbu, kipindi hicho ni mwanya. Ofisi inapovunjwa, masjala yake huhama, hugawanywa au huachwa chumbani bila mwenyewe. Mtafiti akikuta mfuatano wa namba za vibali umekatika katika miaka ya 1970, aanze kwa kuuliza ofisi gani ilirithi shughuli za mji wakati huo, kabla ya kusema kwamba watu waliacha kujenga. Watu hawakuacha. Sensa ya 1967 iliikuta Mbeya na wakazi takriban 12,500, na ile ya 1978 ikawakuta takriban 76,600. Mji ulikua mara sita kati ya sensa hizo mbili, kipindi kinachojumuisha miaka ambayo masjala ilikosa mwenyewe.

Leo vibali vinasimamiwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 na kanuni za udhibiti wa uendelezaji za mwaka 2008. Zilipotungwa, Mbeya ilikuwa imekwisha kupewa hadhi ya Jiji, mwaka 2005.

Hoja ya tatu: Jalada kama shahidi wa namna mji ulivyojengwa

Vitabu vya historia huandika tarehe za magavana na mawaziri. Majalada ya vibali huandika tarehe za kuta na paa.

Yakipangwa kwa miaka, huonyesha safari ya vifaa. Ukuta wa miti na udongo, tofali mbichi, tofali la kuchoma, jiwe, na hatimaye tofali la saruji havikufuatana kwa siku moja wala katika mitaa yote. Saruji ya Wazo Hill ilianza kuzalishwa mwaka 1966. Barabara ya lami ya kwenda Zambia ilifika katika miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976, ikaleta stesheni Mbeya. Kila badiliko la usafiri lilibadilisha bei ya mfuko wa saruji na bati moja, na bei hizo ziliingia katika safu ya vifaa kwenye fomu za maombi. Mwalimu wa historia anayetaka kuwaonyesha wanafunzi athari ya reli anaweza kuwapa michoro ya nyumba kumi za kabla yake na kumi za baada yake, wajionee wenyewe.

Majalada huonyesha pia namna watu walivyoishi na hali ya nchi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na baridi ya Juni na Julai si jambo la kuelezwa kwa hadhara hii. Mahali pa jiko, ukubwa wa madirisha, uwepo wa dari na mwelekeo wa baraza ni majibu ya wajenzi kwa baridi hiyo. Ardhi yenyewe ina historia yake. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lenye ukubwa wa takriban 7.4 liliipiga Rukwa, na Mbeya imo katika Bonde la Ufa lilelile. Mhandisi anayetaka kujua majengo ya zamani yalifungwa vipi kwa linta na yana msingi wa kina gani huanzia kwenye mkato wa mchoro, kwa sababu ukuta uliokwisha kupigwa lipu hausemi kilichomo ndani yake.

Tena majalada huwarudishia majina watu waliochora na kujenga. Zanzibar inatoa mfano mzuri. Mwanajiografia Garth Myers, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu miji ya kikoloni, aliitumia kumbukumbu ya Zanzibar kufuatilia kazi za Ajit Singh Hoogan, mchoraji wa idara ya ujenzi aliyehusika na majengo ya eneo la Ng'ambo mjini Zanzibar, likiwemo la Raha Leo. Bila karatasi za ofisi, kazi ya mtu huyo ingebaki ikihesabiwa kuwa ya serikali tu. Miji ya Nyanda za Juu Kusini nayo ilikuwa na wachoraji wake, na saini zao zimo chini ya michoro, kwenye kona ya kulia.

Hoja ya nne: Kile ambacho jalada halisemi

Kumbukumbu ya vibali ina upungufu mkubwa, na ni lazima usemwe bila kificho. Sehemu kubwa ya nyumba za miji ya Tanzania ilijengwa bila kibali. Anayeandika historia ya mji kwa kutegemea majalada peke yake ataandika historia ya wale waliokuwa na kiwanja kilichopimwa, fedha za mchoraji na muda wa kusubiri. Wajane waliojenga chumba kimojakimoja, vijana waliokuja kutafuta kazi, na familia zilizopewa ardhi na wenyeji kabla mji haujawafikia hawamo, ama wamo tu katika barua za kuwataka wabomoe.

Mwanjelwa, hapa Mbeya, ni mfano ulio karibu. Mwaka 1974 Tanzania ilianza mradi wa viwanja na huduma kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Awamu ya kwanza ilihusu Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, iliongeza miji mingine ikiwemo Iringa. Mradi ulikuwa na njia mbili. Katika njia ya kwanza, ardhi tupu ilipimwa, barabara na maji vikapelekwa, kisha watu wakagawiwa viwanja wajenge. Katika ya pili, maeneo ambayo watu walikuwa wamekwisha kujenga, kama Mwanjelwa, yaliboreshwa kwa kuingiziwa barabara na huduma. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972 na kufungwa katika miaka ya 1990, ndiyo iliyokuwa ya kukopesha wajenzi.

Tofauti ya njia hizo mbili ni tofauti ya kumbukumbu pia. Penye viwanja vilivyopimwa kwanza, mchoro ulitangulia nyumba. Mahali palipoboreshwa, nyumba ilitangulia karatasi, na karatasi ilipokuja ilielezea kilichokwisha kusimama. Utafiti wa Guy Michaels na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusu miji saba ya mradi huo ikiwemo Mbeya na Iringa, ulitumia picha za satelaiti na takwimu za kaya. Uligundua kwamba maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yalikuwa, miongo kadhaa baadaye, na nyumba kubwa zaidi na zilizopangika vizuri zaidi kuliko yale yaliyoboreshwa baadaye. Satelaiti huonyesha paa na mpangilio. Lakini haiwezi kueleza nani alijenga kwanza, alikopa wapi, aliongeza chumba cha uani mwaka gani, wala kwa nini ombi la jirani yake lilikataliwa. Hayo yako katika majalada, na pasipo na majalada yako vichwani mwa wazee.

Kwa eneo kama Soweto, lililokua kando ya barabara kuu pamoja na soko lake, njia sahihi ni kuunganisha mashahidi: majalada ya vibali, ramani za upimaji, picha za anga, orodha za kodi ya majengo, kumbukumbu za serikali za mitaa, mafaili ya urasimishaji wa makazi, na simulizi za waliojenga. Kila shahidi husahihisha upungufu wa mwenzake. Wazee waliopo hapa ni sehemu ya kumbukumbu hiyo, na simulizi zao zinastahili kurekodiwa kwa tarehe na namba ya kiwanja, kwa uangalifu uleule unaopewa karatasi.

Hoja ya tano: Faida za leo

Faida ya kwanza ni haki ya mkazi mbele ya miradi ya umma. Mfano ni mradi wa kupanua barabara kuu inayopita Mbeya kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande. Kwa sababu hiyo, swali la lini jengo lilijengwa na lilikuwa umbali gani kutoka katikati ya barabara limekuwa swali la fedha na la haki. Alama ya X ya kijani na alama ya X nyekundu hutenganisha anayelipwa fidia na asiyelipwa. Kibali chenye tarehe, chenye ramani ya kiwanja inayoonyesha umbali, kinajibu swali hilo kwa namna ambayo maneno ya pande mbili hayawezi. Kinamlinda mkazi aliyejenga kihalali, na kinailinda serikali dhidi ya madai yasiyo ya kweli.

Faida ya pili ni mirathi na mipaka. Ndugu wanapogombania nyumba ya marehemu, au majirani wanapobishana kuhusu uchochoro, mchoro wa miaka arobaini iliyopita huonyesha ukuta ulipokuwa kabla ya ugomvi kuanza. Kibali chenyewe hakithibitishi umiliki, kwa maana hati ya kiwanja ndiyo yenye kazi hiyo. Hata hivyo baraza la ardhi hukipokea kama ushahidi wa nani aliendeleza ardhi na lini. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Faida ya tatu ni usalama wa maisha. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Moja ya maswali ya kwanza lilikuwa ni ghorofa ngapi zilizoruhusiwa. Swali hilo hujibiwa na jalada tu. Katika miji yetu, majengo ya ghorofa moja yanaongezewa ya pili na ya tatu juu ya misingi iliyochimbwa na kizazi kingine. Mhandisi anayepewa mchoro wa awali hufanya uamuzi kwa vipimo. Asiyepewa hulazimika kuchimba au kukisia. Mara nyingi mteja hukataa gharama ya kuchimba, na kinachobaki ni kukisia.

Faida ya nne ni urithi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hakuna jengo la mjini Mbeya wala Iringa ya sasa linalofikia umri huo. Majengo ya miji hii hulindwa tu yakitangazwa rasmi, na ili yatangazwe ni lazima historia yake ithibitishwe. Boma la Kijerumani la Iringa limekuwa makumbusho tangu mwaka 2016. Maduka ya zamani ya Uhindini, yenye baraza na tarehe zilizochorwa juu ya milango, yanaondoka moja baada ya jingine kupisha majengo ya vioo. Likibomolewa jengo ambalo michoro yake imehifadhiwa, mji hupoteza kuta na kubaki na maarifa. Michoro ikiwa imepotea pia, vyote viwili huondoka siku moja.

Hoja ya sita: Utunzaji unaotakiwa

Sheria ipo. Sheria ya Nyaraka za Taifa ya mwaka 1965 ilifuatiwa na Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, inayozihusu ofisi za umma, zikiwemo serikali za mitaa. Chini yake, kumbukumbu haiharibiwi kwa uamuzi wa ofisi peke yake, na kwa kawaida nyaraka hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiyo yenye dhamana ya kuongoza. Kinachotakiwa katika halmashauri ni mambo matano.

Kwanza, rejista zote za vibali na michoro iliyoidhinishwa zihesabiwe kuwa kumbukumbu za kudumu. Barua za kawaida zinaweza kupitiwa na kuchambuliwa. Rejista na michoro zisiguswe.

Pili, karatasi zitunzwe kwa kadiri ya aina zake. Michoro ya rangi ya buluu huharibiwa na vitu vyenye alikali, hivyo isiwekwe katika bahasha zilizotiwa dawa ya kupunguza asidi. Nakala zilizochapwa kwa amonia hufifia kwenye mwanga. Kitambaa cha kuchorea, ambacho wachoraji wa zamani walikipenda kwa uimara wake, hakistahimili maji hata kidogo. Yote haya hutaka droo pana ambamo mchoro hulala bila kukunjwa, chumba kikavu, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni ili mchwa asipate njia, na pini zilizoshika kutu ziondolewe kwa mkono wa taratibu. Msimu wa mvua wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Novemba hadi Aprili, ni mrefu, na paa linalovuja juu ya masjala ni hasara ya mji mzima.

Tatu, kila jalada liorodheshwe kwa mambo machache yasiyobadilika: namba ya jalada, mwaka, kiwanja na kitalu, aina ya jengo, vifaa, mchoraji na uamuzi uliotolewa. Mitaa hubadilishwa majina na kata hugawanywa. Namba ya kiwanja ndiyo uzi wa kuziunganisha karatasi za vizazi mbalimbali.

Nne, michoro ipigwe picha za kidijitali, na nakala zihifadhiwe katika zaidi ya mahali pamoja. Maombi mapya ya vibali yanapokelewa sasa katika mfumo wa TAUSI wa serikali za mitaa, na hiyo ni hatua njema. Mfumo huo unahifadhi yanayokuja. Yaliyopita yanasubiri mkono wa mtu wa kuyaingiza. Wala picha isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuichoma karatasi, kwa sababu muhuri, saini na aina ya karatasi ni sehemu ya ushahidi.

Tano, ufunguzi uende pamoja na heshima. Majalada yana majina, anwani na wakati mwingine madeni ya watu ambao familia zao zipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka mipaka, na michoro ya benki, magereza au mitambo ya maji haifai kutolewa kwa kila aombaye. Orodha, hata hivyo, inaweza kuwa wazi kwa wote, na mkazi anayetafuta jalada la nyumba yake apewe kwa utaratibu unaojulikana na ada inayobandikwa ukutani.

Kazi iliyo mbele

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 541,603 katika Jiji la Mbeya na 202,490 katika Manispaa ya Iringa. Miaka kumi kabla yake walikuwa 385,279 na 151,345. Majengo ya watu hao walioongezeka yanajengwa sasa, na vibali vyake ndivyo vitakavyokuwa vibali vya zamani vya mwaka 2060.

Kazi ya kuyaokoa majalada haihitaji kusubiri jengo jipya wala mfadhili. Inaweza kuanza na rejista moja, kwa ushirikiano wa halmashauri, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kinafundisha usanifu na ujenzi, Chuo Kikuu cha Iringa, na Chuo cha Utumishi wa Umma kinachowaandaa watunza kumbukumbu. Wanafunzi wa usanifu wajifunze kupima kwa kulinganisha mchoro wa zamani na jengo lililosimama. Wanafunzi wa historia warekodi simulizi za wazee wa Soweto na Mwanjelwa jijini Mbeya, na wa Kihesa na Mlandege mjini Iringa, na kuziunganisha na namba za viwanja. Watumishi wa masjala wapewe vifaa na heshima inayolingana na dhamana waliyonayo. Nao madiwani waiweke masjala katika bajeti ya mwaka kwa jina lake, kama wanavyoiweka barabara na zahanati, ili fungu hilo lijadiliwe, lipitishwe na lifuatiliwe.